Kanuni za Kuhakiki Takwimu Nazo Zahitaji Kuhakikiwa

Makala haya yanakusudia kuwaelezea watumishi wa Serikali na wananchi wa Unguja na Pemba chombo kimoja cha kompyuta ambacho kwa nadra hutajwa nje ya vyumba vya takwimu, ingawa kazi yake inagusa kila kituo cha afya. Chombo hicho kimo ndani ya DHIS2, programu ambayo nchi zaidi ya 70 duniani huitumia kukusanya na kuchambua takwimu za afya. Wengi wanafahamu kwamba programu hiyo hukagua takwimu zinazoingizwa. Wachache wanafahamu kwamba inaweza pia kuzikagua kanuni zenyewe zinazotumika katika ukaguzi huo.

Huenda mtu akauliza: ikiwa kanuni zimekwisha wekwa na wataalamu, kuna haja gani ya kuzikagua tena? Mfano wake ni mizani ya kununulia karafuu. Mkulima hupeleka karafuu zake kituoni akiamini kuwa kilo moja ya mizani ni kilo moja ya kweli. Ili imani hiyo iwe na msingi, mizani hupimwa kwa mawe maalumu, na mawe hayo nayo hulinganishwa na kipimo cha asili kilichohifadhiwa. Jiwe la mkaguzi likipungua uzito, kila mizani atakayoipitisha itakuwa na upungufu uleule, wala hapana mkulima atakayeweza kuutambua kwa macho. Kanuni za kuhakiki takwimu ni mawe ya namna hiyo.

ASILI YA PROGRAMU

Programu ya DHIS ilianzia Afrika ya Kusini katika miaka ya 1990. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1994, nchi hiyo ilikuwa na kazi ya kuziunganisha huduma za afya zilizokuwa zimegawanywa kwa misingi ya rangi, na wilaya zikahitaji njia moja ya kuhesabu wagonjwa, chanjo na uzazi. Matoleo ya mwanzo yalifanya kazi katika kompyuta moja moja. Katikati ya miaka ya 2000 Chuo Kikuu cha Oslo, nchini Norway, kiliongoza uandishi wa DHIS2, ambayo hutumika kupitia intaneti na hutolewa bila ya malipo ya leseni.

Zanzibar imo katika historia hiyo. Kuanzia mwaka 2005 ilifanyika kazi ya kuimarisha mfumo wa taarifa za afya visiwani kwa ushirikiano na wataalamu wa Oslo. Sehemu mojawapo ya kazi hiyo ilikuwa warsha za kila baada ya miezi mitatu, ambamo maofisa wa wilaya waliwasilisha takwimu zao mbele ya wenzao, wakaulizwa maswali, na wakarudi kurekebisha. Mwaka 2012 jarida la Shirika la Afya Duniani lilichapisha makala kuhusu warsha hizo. Funzo lake kubwa lilikuwa kwamba ubora wa takwimu hupanda pale wanaozikusanya wanapozitumia. Funzo hilo lina uhusiano na jambo tunalolieleza hapa, kama itakavyoonekana mwishoni.

KANUNI YA UHAKIKI NI NINI

Kila mwezi kituo cha afya hujumlisha yaliyomo katika rejista zake na kujaza fomu: wagonjwa waliotibiwa, mama wajawazito waliohudhuria, watoto waliochanjwa, watu waliopimwa malaria na waliothibitika kuwa nayo. Namba hizo zinapoingizwa katika DHIS2, kompyuta huzipitisha katika kanuni za uhakiki.

Kanuni moja ina sehemu tatu: upande wa kushoto, alama ya ulinganisho na upande wa kulia. Tuchukue kanuni nyepesi inayosema kuwa idadi ya waliothibitika kuwa na malaria iwe pungufu au sawa na idadi ya waliopimwa. Kituo kikiandika kuwa kimepima watu 30 na waliothibitika ni 34, kompyuta hutoa taarifa ya kasoro. Huenda mwandishi aliandika 34 badala ya 3 au 4, au huenda ukurasa mmoja wa rejista ya maabara haukujumlishwa. Kompyuta haijui sababu. Inalojua ni kwamba namba mbili hizo haziwezi kuwa za kweli kwa pamoja.

Aidha kila kanuni hupewa kipindi chake, na uchaguzi wa kipindi si jambo dogo. Mathalan, yapo matumaini kwamba watoto waliopata dozi ya tatu ya chanjo hawatawazidi waliopata dozi ya kwanza. Kwa hesabu ya mwaka mzima matumaini hayo ni ya haki. Kwa hesabu ya mwezi mmoja yanaweza kumtuhumu mtu asiye na kosa, kwani mtoto anayepata dozi ya tatu mwezi huu alipata ya kwanza miezi kadhaa iliyopita, na waliozaliwa katika mwezi mmoja hawalingani na waliozaliwa katika mwezi mwengine.

Jambo la tatu ni namna kanuni inavyoihesabu nafasi tupu. DHIS2 inatoa njia tatu: kuiruka kanuni iwapo namba yoyote haipo; kuiruka iwapo namba zote hazipo; au kutoiruka kabisa, na hapo nafasi tupu huhesabiwa kuwa sifuri. Msomaji asiipite sehemu hii kwa haraka, kwani hapa ndipo kasoro nyingi zisizoonekana hujificha. Sifuri ni jibu: kituo kinasema hakikumpata mgonjwa. Nafasi tupu ni ukimya: kituo hakikusema lolote.

KANUNI INAPOHARIBIKA BILA YA KUJULIKANA

Tuseme fomu ya malaria inabadilishwa. Hapo kabla kulikuwa na nafasi moja ya "waliopimwa". Fomu mpya ina nafasi mbili, moja ya waliopimwa kwa darubini na nyengine ya waliopimwa kwa kipimo cha haraka. Mabadiliko haya ni mazuri. Lakini ikiwa hakuna aliyeirekebisha kanuni ya zamani, itaendelea kuitafuta ile nafasi ya "waliopimwa" ambayo hakuna tena anayeijaza.

Matokeo yake yatategemea njia iliyochaguliwa kuhusu nafasi tupu. Ikiwa kanuni iliagizwa kuruka pale namba yoyote inapokosekana, basi itaruka kila kituo, kila mwezi. Kituo kilichoandika wagonjwa 34 kati ya watu 30 kitapita. Ofisi ya wilaya itaendesha uhakiki, itasoma kuwa hakuna kasoro iliyoonekana, na itaipeleka taarifa mbele kwa moyo mkunjufu. Ikiwa kanuni iliagizwa isiruke, nafasi tupu itahesabiwa sifuri, na kila kituo kilichompata hata mgonjwa mmoja kitatuhumiwa. Orodha ya kasoro itakuwa ndefu, na kasoro zenyewe zitakuwa za uongo. Mtumishi anayepokea orodha kama hiyo miezi mitatu mfululizo atajifunza kutoisoma, na siku kasoro ya kweli itakapokuwamo, itapita pamoja na nyengine.

Uzito wa jambo hili kwa visiwa vyetu ni mkubwa. Kwa miaka mingi maambukizi ya malaria Zanzibar yamekuwa, kwa wastani, chini ya asilimia 1. Mahali ambapo maradhi yameenea, wagonjwa wanne zaidi au pungufu hawabadilishi uamuzi. Mahali ambapo maradhi yamekaribia kumalizwa, wagonjwa wanne wa ziada katika shehia moja huweza kuwapeleka wapimaji na wapiga dawa mahali pasipo na hatari, na wagonjwa wanne waliosahauliwa huweza kuyaacha maradhi yaenee mtaani kabla ya kuchukuliwa hatua. Kadiri tunavyofanikiwa kupunguza maradhi, ndivyo kosa dogo la hesabu linavyozidi kuwa na madhara.

CHOMBO CHA UCHUNGUZI

Ndani ya DHIS2, katika sehemu ya usimamizi wa data, kimo chombo cha kuchunguza uzima wa mfumo. Chombo hiki hakiulizi kama kituo fulani kimeandika namba sahihi. Huuliza kama mpangilio mzima wa kanuni, fomu, viashiria na orodha ya vituo umekaa sawa. Miongoni mwa maswali yake ni haya yafuatayo:

1. Je, zipo kanuni za uhakiki ambazo upande wake wa kushoto au wa kulia hauwezi kukokotolewa, kwa kuwa umeandikwa vibaya au unataja kitu kisichokuwepo?

2. Je, zipo kanuni ambazo hazikuelezwa zifanye nini zinapokuta nafasi tupu?

3. Je, zipo kanuni ambazo hazimo katika kundi lolote? Kanuni huendeshwa kwa makundi, kwa hivyo iliyo nje ya makundi ni rahisi kusahauliwa.

4. Je, vipo vipengele vya taarifa visivyokuwa katika fomu yoyote? Ile nafasi ya zamani ya "waliopimwa" katika mfano wetu itaonekana hapa.

5. Je, zipo fomu ambazo hazikugaiwa kituo chochote?

6. Je, vipo viashiria ambavyo kiasi chake au kigawanyo chake hakisomeki?

7. Je, vipo vituo viwili vyenye jina moja chini ya mamlaka moja, au majina yenye nafasi za ziada ambazo jicho halizioni lakini kompyuta huzihesabu?

8. Je, ramani inaonesha kituo nje ya mipaka ya wilaya yake?

Lipo na swali moja ambalo wakaazi wa visiwani watalifurahia. Chombo hutafuta vituo vilivyowekwa karibu na mahali ambapo mstari wa Ikweta unakutana na mstari wa longitudo sifuri. Mahali hapo ni katikati ya bahari, katika Ghuba ya Guinea, Afrika Magharibi. Wataalamu wa ramani wamepatania jina la kisiwa, ingawa hapana kisiwa. Kituo huonekana huko pale mtu anapoandika sifuri na sifuri kwa sababu hakuwa na vipimo vya mahali. Hapa tena tunaona ubaya wa kuandika sifuri mahali panapostahiki kubaki patupu.

Uchunguzi una hatua mbili. Hatua ya kwanza hutoa muhtasari: idadi ya vitu vyenye kasoro, na pale inapowezekana, asilimia yake. Hatua ya pili hutoa orodha ya vitu hivyo kimoja kimoja, pamoja na jina na alama ya utambulisho ya kila kimoja, yenye herufi na tarakimu 11. Kila ukaguzi umepewa daraja ya uzito. Daraja la kwanza ni taarifa tu. La pili ni tahadhari, maana yake jambo linaweza kuwa kosa au lisiwe, lakini lifaa liangaliwe. La tatu ni kasoro kubwa ambayo ni lazima irekebishwe ingawa mfumo unaendelea kufanya kazi. La nne ni kasoro ya hatari, ambayo inaweza kumpotosha mtumiaji au kuusimamisha mfumo. Ofisi yenye watumishi wachache ianze na daraja la nne na kushuka.

Ikumbukwe kuwa baadhi ya ukaguzi ni mzito kwa kompyuta, nao huendeshwa kwa kuombwa peke yake. Ukaguzi ambao haukuendeshwa haukutoa matokeo. Mtu asiusome ukimya wake kuwa ni ushahidi wa usalama.

FAILI ZINAZOMWELEZA MKAGUZI KAZI YAKE

Katika matoleo ya karibuni ya DHIS2, kazi nyingi za chombo hiki zimeandikwa katika faili za maandishi ya kawaida, kwa mtindo uitwao YAML. Ukaguzi mmoja una faili moja. Ndani ya faili huandikwa jina la ukaguzi, maelezo yake kwa ufupi, sehemu ya mfumo inayohusika, na daraja ya uzito. Yanafuata maagizo mawili ya lugha ya SQL, ambayo ni lugha ya kuulizia hazina ya data: agizo moja hutoa muhtasari na la pili hutoa orodha. Baada ya hapo yamo maelezo marefu ya utangulizi, yanayoeleza kwa nini kasoro hiyo ni tatizo, na mwisho ushauri wa namna ya kuirekebisha.

Mpango huu una faida mbili. Ya kwanza ni kuwa mtu asiyejua kuandika programu anaweza kufungua faili na kusoma mkaguzi anatafuta nini. Ya pili ni kuwa wasimamizi wa mfumo wanaweza kuongeza ukaguzi wao wenyewe kulingana na mahitaji ya nchi yao, bila ya kuibadilisha programu yote. Visiwa vyetu vina wilaya 11 na desturi zake za kuvipa vituo majina. Ukaguzi wa majina uliotungwa kwa ajili ya nchi nyengine huenda usitosheleze hapa, na faili moja fupi yaweza kuliziba pengo hilo.

Lakini faida huja na dhamana. Faili hizo nazo ni maandishi ya binadamu. Agizo lililoandikwa vibaya linaweza kutoa orodha tupu hali ya kuwa kasoro zipo. Kwa hivyo kila anayeongeza ukaguzi aujaribu kwanza katika mfumo wa majaribio. Aweke kasoro kwa makusudi, aone kama itakamatwa. Kisha aiondoe, aone kama orodha itakuwa tupu. Ukaguzi ambao haujawahi kukamata kitu haujulikani kama unaweza kukamata.

MAMBO AMBAYO CHOMBO HAKIWEZI KUYAONA

Chombo kinajua sarufi ya kanuni, hakijui maana yake. Ikiwa mtu alikusudia kuandika "pungufu au sawa na", akaandika "zaidi ya au sawa na", kanuni itasomeka vizuri, itakokotolewa bila ya tatizo, na uchunguzi utaipitisha. Kosa hilo huonekana kwa mtu anayeisoma kanuni sambamba na maelezo yake kwa lugha ya kawaida. Kwa sababu hiyo nafasi ya maelezo isiachwe tupu, wala isijazwe kwa kurudia jina la kanuni.

Hali kadhalika, chombo hakijui kuwa namba fulani imepitwa na wakati. Kiashiria cha chanjo hupatikana kwa kugawa watoto waliochanjwa kwa idadi ya watoto wanaokadiriwa kuwepo. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2012, Zanzibar ilikuwa na watu 1,303,569. Kwa mujibu wa sensa ya Agosti 2022, ilikuwa na watu 1,889,773, yaani ongezeko la watu 586,204 katika miaka 10. Anayeendelea kutumia kigawanyo cha zamani atapata wilaya zilizochanja zaidi ya asilimia 100 ya watoto wake. Kimaandishi kiashiria hicho hakina kosa lolote, na uchunguzi hautakitia katika orodha. Mtumishi anayeifahamu wilaya yake ndiye atakayesema kuwa jambo hilo haliwezekani.

Hapa ndipo linaporudi funzo la zile warsha zilizoanza mwaka 2005. Mashine hukamata kilichovunjika. Kilichokosewa kwa ufasaha hukamatwa na watu wanaokaa pamoja, wanaosoma takwimu zao na kuulizana.

NASAHA KWA WATUMISHI

Kwa kuzingatia maelezo hayo, watumishi wanaoshughulika na takwimu, katika sekta ya afya na katika sekta nyengine zenye mifumo inayofanana, wanahimizwa kuyazingatia mambo yafuatayo:

(a) Kila fomu inapobadilishwa, itafutwe orodha ya kanuni na viashiria vyote vinavyoitegemea kabla ya fomu mpya kuanza kutumika. Mabadiliko ya fomu yasihesabiwe kuwa yamekamilika mpaka kanuni zake zimerekebishwa.

(b) Uchunguzi wa mfumo uendeshwe kwa ratiba inayojulikana, angalau kabla ya kufungwa kwa taarifa za robo mwaka, na matokeo yake yawekwe katika kumbukumbu ili yalinganishwe na ya robo iliyopita.

(c) Kanuni ambayo haijatoa kasoro hata moja kwa mwaka mzima itazamwe kwa makini sawasawa na ile inayotoa kasoro kila siku.

(d) Kila kanuni iwe na maelezo yanayoeleweka na mtumishi wa kituo, na aulizwe kama anakubaliana nayo. Yeye ndiye anayejua namna rejista inavyojazwa.

(e) Pasipokuwa na taarifa, pasiandikwe sifuri. Na pale ambapo kweli hapakuwa na mgonjwa, isiachwe nafasi tupu.

KWA WANANCHI

Mwananchi hatakiwi kuifahamu DHIS2. Hata hivyo yapo ambayo yamo katika uwezo wake. Mzazi anayekwenda na kadi ya chanjo ya mtoto, mgonjwa anayetaja shehia anayoishi bila ya kukosea, na anayetoa jina lile lile kila anapohudhuria, humsaidia mtumishi kuandika jambo la kweli tangu mwanzo. Kanuni zote zilizotajwa katika makala haya huanza kazi baada ya mstari mmoja kuandikwa katika rejista, mbele ya mgonjwa. Mstari huo ukiwa si sahihi lakini unaingia akilini, hapana kanuni wala chombo kitakachoutoa. Kwa hivyo mwananchi anayeona jina lake, umri wake au shehia yake imeandikwa kimakosa anaombwa asione haya kumwambia mtumishi papo hapo, na mtumishi anaombwa alipokee sahihisho hilo kwa shukrani.